Dakika 30 kwa Siku: Kudumisha Mazoea ya Kutembea na Kupima Maendeleo

Msimu wa kilimo, mkazi wa Kata ya Nyansurura hahitaji kuhimizwa kutembea. Safari ya shambani, ya kisimani na ya kufuata mifugo humtosha. Mazao yakishavunwa, safari hizo hupungua, na nyingi ya zilizobaki hufanywa kwa bodaboda. Mwili hupumzika kwa miezi kadhaa, ilhali mwenyewe bado anajihesabu kuwa mtembeaji hodari. Kumbukumbu ndogo ya kila siku humwonesha mtu hali yake halisi mapema.

Kwa nini suala hili ni muhimu

Shinikizo la juu la damu na kisukari huweza kukaa mwilini kwa miaka bila kuonesha dalili. Mtu mwenye shinikizo la 140/90 au zaidi anaweza kulima na kucheka kama kawaida, hadi siku anapopata kiharusi. Kutembea mara kwa mara hupunguza hatari hiyo. Ndiyo sababu mazoezi ya mwili yamo katika Mpango wa Taifa wa Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza, uliozinduliwa Novemba 2019.

Kiasi kinachotosha

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Dakika 150 ni sawa na dakika 30 kwa siku, siku tano. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenzake lakini hawezi kuimba. Kwa watu wazima wengi ni takriban hatua 100 kwa dakika. Safari ya shambani au sokoni huhesabiwa, mradi mwendo uwe huo.

Baadhi ya watu hukata tamaa wakisikia kwamba ni lazima kufikisha hatua 10,000 kwa siku. Idadi hiyo ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na haikuwa agizo la daktari. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2019 ulionesha kuwa wanawake wazee waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufariki kuliko waliotembea 2,700. Faida iliendelea kuongezeka hadi hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia.

Kupima bila simu janja

Daftari la shule, kalamu na saa vinatosha. Kila jioni mkazi aandike tarehe na dakika alizotembea. Siku asiyotembea aandike sifuri pamoja na sababu. Mfano wa wiki moja ni huu:

Jumatatu 30, Jumanne 0 (mvua), Jumatano 30, Alhamisi 20, Ijumaa 0 (msiba), Jumamosi 40, Jumapili 30. Jumla: dakika 150.

Wiki hiyo imekamilika licha ya sifuri mbili. Sifuri zikifuatana siku tatu au nne, daftari limetoa onyo, na dawa yake ni kutembea kesho yake, hata kwa dakika 10 tu. Asiyejua kuandika anaweza kuchora mstari ukutani kwa mkaa, mstari mmoja kwa kila dakika 10.

Maendeleo yana dalili nyingine pia. Mtu achague njia moja, kwa mfano kutoka nyumbani hadi shuleni, apime muda anaotumia, kisha apime tena baada ya mwezi. Muda ukipungua bila kuhema zaidi, mwili umeimarika.

Kudumisha mazoea

Mazoea hudumu yanapofungwa kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku, kama vile baada ya kukamua ng'ombe au kabla ya chai ya asubuhi. Kutembea na jirani husaidia zaidi, kwa kuwa ni vigumu kumwacha mwenzako akisubiri njiani. Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itumike kwa mazoezi. Familia inaweza kuitumia siku hiyo kutembea pamoja na kujumlisha madaftari.

Mkoa wa Mara una mfano wake. Oktoba 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Safari hiyo ndefu iliwezekana kwa kugawanywa katika sehemu za kila siku.

Tahadhari

Barabarani, mtembea kwa miguu apite upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia. Kwa kuwa wilaya inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, njia za porini ziepukwe alfajiri na usiku, hasa maeneo yanayopitiwa na tembo. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame na kwenda zahanati.

Anayetumia dawa za shinikizo la damu au kisukari asiziache kwa sababu ameanza kutembea. Aende kliniki na daftari lake, ili mhudumu wa afya alinganishe dakika zake na vipimo vyake. Ambaye hajawahi kupimwa apime kwanza, aandike matokeo kwenye ukurasa wa kwanza, kisha aanze kuhesabu.