Jogoo asipowika, kapime presha kwanza

Ukipita Ukunda jioni utakuta sufuria ya supu ya pweza ikichemka, na mnywaji akitaniwa kwamba leo nyumbani hakulaliki. Mzaha huo una upande mchungu. Wapo waume, kuanzia Diani hadi Msambweni, waliopoteza nguvu za kiume na wakaamua kunyamaza. Mmoja hunywa supu, mwengine hununua mkuyati, mwengine huambiwa kwamba mkewe amemfunga, na nyumba huvunjika kwa tuhuma tupu. Kinachosahauliwa ni mishipa ya damu, ilhali kwa mwanamume aliyevuka miaka 50 hiyo ndiyo sababu ya kimwili inayoongoza.

Tuanze na jinsi mwili unavyofanya kazi. Hamu ikija, ubongo hupeleka ujumbe kupitia neva. Kuta za ndani za mishipa hutoa gesi iitwayo nitriki oksaidi, mishipa ikalegea na kupanuka. Damu huingia kwa wingi, nyama za uume zikajaa kama sifongo, na kule kujaa huibana mishipa inayorudisha damu. Damu isipoingia ya kutosha, au ikitoka kabla ya wakati, uume hausimami au hulegea mapema.

Presha, sukari, mafuta mengi katika damu na moshi wa sigara huharibu kuta hizo polepole. Wenye nyumba Diani wanayajua maji ya visima vya matumbawe: chokaa huganda ndani ya bomba, na bomba jembamba ndilo huziba kwanza. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ile ya moyo 3 hadi 4. Kwa hivyo uchafu unaoanza kusumbua chumbani huenda uko kifuani pia. Kwa kawaida tatizo hili hutangulia dalili za moyo kwa miaka 2 hadi 5. Huo ni muda wa kutosha kumwokoa mtu, akiutumia.

Utajuaje kama ni mishipa? Tatizo la mawazo, deni au ugomvi mara nyingi huja ghafla, na alfajiri mwanamume bado huamka uume ukiwa umesimama. La mishipa huja kidogo kidogo, na hata ile ya alfajiri hupungua. Hata hivyo, yote mawili huweza kukutana kwa mtu mmoja, kwa hivyo kipimo ndicho cha kuamua.

Na vidonge je? Sildenafil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ilianza kufanyiwa majaribio kama dawa ya maumivu ya moyo. Hupanua mishipa kwa saa chache, lakini haiondoi uchafu uliomo. Anayetumia dawa za naitreti kwa ajili ya kifua akiimeza, presha huweza kushuka hadi kumuua. Ndiyo maana kuinunua kwa kificho, bila kuulizwa unatumia dawa gani, ni hatari. Kama unashuku dawa yako ya presha ndiyo inayokupunguzia nguvu, mwambie daktari akubadilishie. Usiiache mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni rahisi. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Muulize wa kijiji chako, au nenda zahanati iliyo karibu. Presha ikifika 140 kwa 90 mara kwa mara, au sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7, tafuta matibabu, na mweleze daktari habari za chumbani bila kuficha. Acha sigara, punguza chumvi na vya kukaangwa, tembea nusu saa kila siku.

Pweza endelea kumla, ni kitoweo kizuri. Nanyi kina mama, mzee akianza kulala mapema akiupa ukuta uso, msikimbilie kusema ana mwengine. Mshikeni mkono mwende mkapime pamoja.