Igogo Katika Ramani: Namna Kishikwambi Kinavyomsaidia Mtoto Kuifahamu Jamii Yake

Mtoto wa Darasa la Tatu anayeishi katika miinuko ya Igogo huliona Ziwa Victoria kila asubuhi aendapo shuleni. Hata hivyo, akipewa ramani na kuulizwa ziwa hilo liko upande gani wa nyumbani kwao, huenda akasita. Mawe, vichochoro, mitaro na reli anavijua kwa miguu yake, lakini hajazoea kuviona vyote kwa pamoja. Kumfundisha kuviona hivyo ni kazi ya masomo ya jamii, na hapo ndipo vifaa vya TEHAMA vinapopata nafasi yake darasani.

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na kwa upande wa elimu ya msingi ulianzia Darasa la Kwanza na Darasa la Tatu. Maudhui ambayo wazazi wengi waliyafahamu kwa jina la Maarifa ya Jamii sasa yamo zaidi katika masomo mawili: Jiografia na Mazingira, na Historia ya Tanzania na Maadili. Wakati huohuo, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu wa shule za umma. Swali la mzazi, basi, ni moja: kifaa hicho kinamfaidi nini mtoto?

Somo huanzia nje ya darasa

Kishikwambi hakitangulii, hufuata. Somo zuri la ramani huanzia uwanjani, ambapo wanafunzi huchora kwa kijiti njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni, wakiweka jiwe mahali pa duka na jani mahali pa mti. Baada ya hapo mwalimu huwaonyesha picha ya Igogo iliyopigwa kutoka angani. Mtoto huitafuta shule yake, kisha reli, kisha Bandari ya Mwanza Kusini. Akivipata, huelewa kwamba mchoro wake wa vumbi na ile picha vinazungumzia mahali pamoja.

Kutoka hapo picha hupanuliwa hadi ziwa lote lionekane. Mtoto hugundua kuwa maji anayoyaona kutoka mlimani ni sehemu ndogo ya ziwa lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800, ambalo Tanzania inalimiliki pamoja na Uganda na Kenya. Mwalimu akiirudisha picha mtaani na kuwataka wanafunzi wafuate kwa kidole mkondo wa mtaro kutoka mlimani, wataona wenyewe kwamba mfuko wa plastiki uliotupwa juu huishia ziwani. Mtoto aliyeliona jambo hilo hahitaji kukaririshwa kwamba mazingira yatunzwe.

Picha za miaka tofauti nazo zina mafunzo yake. Katika picha za zamani za Ghuba ya Mwanza, kati ya Kigongo na Busisi huonekana maji na vivuko tu. Katika picha za karibuni huonekana daraja la takribani kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Kwa mtoto wa miaka tisa, neno “mabadiliko” hupata maana kwa kuonekana.

Sauti za wazee

Katika Historia, kifaa kinachofaa zaidi ni kinasa sauti kilichomo ndani ya kishikwambi. Mzee wa mtaa anaweza kurekodiwa akieleza usafiri wa meli ulivyokuwa katika ujana wake, au jinsi jiji lilivyoipokea habari ya kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Wanafunzi husikiliza, huuliza maswali, kisha hulinganisha maelezo hayo na yaliyomo kitabuni. Kwa msiba mzito kama huo, mwalimu huchagua maneno yanayolingana na umri wao na kuelekeza mazungumzo kwenye wajibu wa kufuata taratibu za usalama majini.

Vikwazo na namna ya kuvikabili

Kifaa kimoja hakitoshi darasa lenye wanafunzi wengi. Njia inayofaa ni kuwagawa katika makundi: moja hutazama picha, jingine huchora, jingine husoma kitabu, kisha hubadilishana. Pasipo intaneti ya uhakika, mwalimu huweza kupakua mapema vitabu vya kiada kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, pamoja na picha zinazohitajika. Umeme ukikatika, mchoro wa uwanjani bado upo.

Wazazi wengine huhofia kwamba mtoto asiye na simu nyumbani atabaki nyuma. Hofu hiyo haina msingi iwapo somo limepangwa vizuri, kwa kuwa kifaa ni cha mwalimu na kazi ya nyumbani hufanywa kwa macho, masikio na daftari. Wanafunzi hawaruhusiwi kwenda na simu shuleni, na elimu ya msingi katika shule za umma hutolewa bila ada. Mzazi hapaswi kujiona analazimika kumnunulia simu mtoto wa darasa la chini kwa ajili ya masomo haya.

Wajibu wa mzazi na mlezi

Katika kikao cha wazazi, ni haki ya mzazi kuuliza vishikwambi vya shule vinatumikaje katika kufundisha, vinahifadhiwa wapi, na ni nani anayesimamia yale ambayo watoto wanayatazama. Vilevile anaweza kuuliza picha na sauti za watoto zinatunzwaje, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu nao. Penye jambo lisiloeleweka, Mwalimu Mkuu, Kamati ya Shule na Afisa Elimu Kata ndio wa kuonwa kwanza.

Nyumbani, msaada mkubwa hauna gharama. Mtoto akirudi na kuuliza mtaa ulikuwaje zamani, au maji ya mtaro yanaelekea wapi, ajibiwe. Na ikiwezekana, apelekwe akaone.