Meli haifiki Morogoro: Mzazi, jiandae kabla ya mafuriko

Machi 2019, Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, barabara zilikatika. Meli za Jeshi la Wanamaji la India, zikiwamo Sujata na Shardul, zilitia nanga zikashusha chakula, maji na dawa, na madaktari wake wakatibu wagonjwa. Hata hivyo, kabla mwezi haujaisha, kipindupindu kilikuwa kimetangazwa.

Sisi wa Morogoro hatuna bandari. Mto Mkondoa ulipofurika Kilosa mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, familia nyingi ziliishia kwenye mahema. Mvua kubwa ikinyesha Uluguru, Mto Ngerengere nao huteremka umejaa hadi mjini. Msaada huja, lakini saa za kwanza ni za mzazi.

Kabla ya masika, funga kwenye mfuko wa plastiki kadi za kliniki, pakiti za ORS na dawa ya kutibu maji. Mtoto akiharisha, changanya pakiti moja na lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Mnyweshe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, kisha mpeleke kituo cha afya. Macho yakidumbukia au akishindwa kunywa, usisubiri kukuche.