Namba 292 na Usahihi wa Pai

Pai, yaani uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake, haiandikiki kama sehemu ya namba nzima mbili. Johann Lambert alithibitisha hilo mwaka 1761. Kwa hiyo hukadiriwa, na makadirio bora hutokana na sehemu mfululizo, inayopatikana hivi.

Pai ni 3.14159265… Ikiondolewa 3, hubaki 0.14159265. Moja ikigawanywa kwa baki hilo, jibu ni 7.0625133. Huondolewa 7, kisha 1 hugawanywa tena kwa baki jipya, na jibu huwa 15.9966. Kazi ikiendelea hivyo, namba nzima zinazoondolewa hufuatana hivi: 3, 7, 15, 1, 292, 1, 1, 1, 2… Hakuna anayejua kanuni ya mfuatano huo.

Mfuatano ukikatwa popote, hutoa sehemu moja. Ukikatwa baada ya 7, hutoka 3 + 1/7, yaani 22/7 ya mashuleni, inayozidi pai kwa 0.00126. Wengi huiamini zaidi 3.14 kwa kuwa ni desimali, kumbe hiyo imepungua kwa 0.00159. Baada ya 15 hutoka 333/106, pungufu kwa 0.000083. Inayofuata ni 355/113, ambayo Zu Chongzhi wa China aliijua tangu karne ya 5. Hiyo inazidi kwa 0.000000267 tu.

Usahihi huo mkubwa unatokana na 292. Kosa la kila sehemu ni dogo kuliko 1 iliyogawanywa kwa mraba wa asili yake (namba ya chini) mara namba inayofuata kwenye mfuatano. Kwa 355/113, mraba wa 113 ni 12,769. Mara 292 ni 3,728,548. Moja ikigawanywa kwa namba hiyo, jibu ni 0.000000268, karibu sawa na kosa lenyewe. Sehemu ya kwanza kuipita 355/113 ni 52163/16604, tena kwa kiduchu mno, kiasi kwamba haifai usumbufu wa kuiandika.

Uwiano wa dhahabu, 1.6180339…, uko upande wa pili kabisa. Mfuatano wake ni 1, 1, 1, 1 bila kikomo, hivyo hakuna namba kubwa ya kuubeba. Sehemu yake 144/89, yenye asili inayokaribia 113, ina kosa la 0.000056, zaidi ya mara 200 ya kosa la 355/113.