Masikio Yaliyotokeza: Sindano Badala ya Kisu

Pitisha kidole kwenye sikio lako. Anzia ukingo wa nje, vuka kile kibonde chembamba, na utakutana na tuta la pili kabla ya kutumbukia katikati, kwenye bakuli linaloelekea tunduni. Tuta hilo ndilo linalolikunja sikio nyuma likae karibu na kichwa. Mtoto ambaye tuta lake halikujikunja vizuri tangu tumboni, gegedu lake hubaki tambarare na sikio husimama pembeni. Wengine tuta wanalo, ila bakuli lao lina kina kirefu mno, nalo hulisukuma sikio zima mbali na fuvu. Wapo wenye yote mawili.

Masikio ya namna hii husikia sawasawa na mengine. Ndiyo maana hata Uingereza, huduma ya afya ya serikali kwa kawaida haigharimii upasuaji wake. Kinachompeleka mtu kwa daktari ni maneno ya watu, na aliyeitwa Popo au Dishi darasa la kwanza hadi la saba hahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo.

Upasuaji wenyewe si mpya. Mwaka 1881, daktari Edward Ely wa New York alieleza jinsi alivyokata ngozi na gegedu kurudisha nyuma masikio yaliyotokeza. Mwaka 1910 William Luckett akaonyesha kwamba tatizo ni lile tuta lililokosekana, kwa hiyo dawa ni kulitengeneza. Lakini gegedu ni kaidi: ukilikunja, linataka kurudi lilikotoka. Mwaka 1958 Thomas Gibson na W. B. Davis walieleza siri ya ukaidi huo. Kila uso wa gegedu una mvutano wake. Ukikwaruza upande mmoja, mvutano wa hapo hulegea, na gegedu hujipinda lenyewe kuelekea upande usiokwaruzwa. Miaka mitano baadaye John Mustardé wa Scotland akaonyesha kuwa nyuzi za kudumu, zikishonwa nyuma ya sikio, hushikilia mkunjo bila gegedu kukatwa.

Yote hayo yalihitaji mpasuo mrefu nyuma ya sikio. Mwaka 1995 Mmarekani Michael Fritsch alieleza njia isiyo na mpasuo. Mgonjwa huchomwa ganzi; mtoto mdogo asiyeweza kutulia hupewa dawa ya usingizi. Daktari hulikunja sikio kwa vidole, akaweka alama mahali tuta linapotakiwa kuwa. Gegedu likiwa gumu, huingiza ncha ya sindano chini ya ngozi na kulikwaruza ili lilegee. Kisha hupitisha sindano yenye uzi wa kudumu nyuma ya sikio, ikatokea mbele kidogo na kurudishwa kwenye tundu lile lile ilimotokea, hadi uzi ukamilishe mzunguko pale ulipoanzia. Hukaza taratibu huku akilinganisha na sikio la pili, hufunga fundo na kulizamisha chini ya ngozi. Kinachobaki ni vitundu vya sindano. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na kwa wiki kadhaa hulala na utepe kichwani ili sikio lisikunjwe na mto.

Mtu asidhani tundu dogo ni kazi ndogo. Daktari anashona asichokiona. Uzi unaweza kukatika au kuchomoza kwenye ngozi, sikio likarudi lilivyokuwa, au vijidudu vikaingia kwenye gegedu. Na mwenye bakuli lenye kina kirefu sana, au mtu mzima mwenye gegedu nene, huenda bado akahitaji kisu.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi liko jambo jingine: keloidi. Wengi tunamfahamu mtu aliyetoga masikio akaota uvimbe mgumu kwenye ndewe, mkubwa kuliko hereni. Vitundu vichache ni afadhali kuliko mpasuo mrefu, ila hata kitundu cha hereni kilitosha kumwotesha huyo. Mwenye historia hiyo, yake au ya ndugu zake, aiseme kabla hajaulizwa.

Kwa kawaida upasuaji husubiri mtoto afike miaka mitano au sita, sikio likiwa limekaribia ukubwa wa utu uzima. Kwa mtoto mchanga, hata sindano inaweza isihitajike. Homoni ya estrojeni aliyoipata kwa mama huliacha gegedu lake likiwa laini kwa majuma machache, na kishikizo laini kinachobandikwa kwa plasta, kikiwekwa na mtaalamu, kinaweza kulipa sikio umbo likabaki nalo. Nafasi hiyo ni fupi: mama anaporudi kliniki kwa chanjo za wiki ya sita, gegedu huwa tayari limeanza kukaza.