Pumu, Kifua Sugu na Namba J44

Mgonjwa afikaye kwenye zahanati ya kijiji wilayani Butiama, au kando ya ziwa karibu na Musoma, hana neno moja la kuutaja ugonjwa umzuiao kupumua. Husema "kifua kinanibana", au "nina pumu", au "nina kifua" tu. Na huenda maneno hayo amekwisha kuyafasiri kutoka Kizanaki, Kijita au Kikuria kabla ya kumfikia tabibu. Tabibu naye huyageuza kuwa istilahi ya Kiingereza, na huko mbele, katika hospitali na katika madai ya bima, istilahi hiyo hugeuzwa tena kuwa herufi na tarakimu. Tafsiri ni tatu, na kila moja yaweza kuacha kitu nyuma.

Namba hizo zatoka katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, uliochipuka kutoka orodha ya visababishi vya vifo ambayo Jacques Bertillon aliiwasilisha Chicago mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani liliutwaa mwaka 1948. Katika toleo la 10, lililoidhinishwa mwaka 1990, maradhi ya njia ya hewa yako chini ya herufi J. J45 ni pumu. J42 ni mkamba wa kudumu usioelezwa zaidi, na J43 ni kutanuka kwa vifuko vya hewa vya mapafu ambavyo kuta zake zimeharibika. J44 ndiyo namba ya ugonjwa wa kudumu wa kubanwa kwa njia za hewa: ikiongezwa .0, pana maambukizo makali ya njia ya hewa ya chini, ikiongezwa.1, hali imezidi ghafla, ikiongezwa.9, mwandishi hakupewa habari zaidi. Toleo la 11, lililoanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, limeupa ugonjwa huo alama CA22, na pumu CA23.

Tatizo kubwa ni mpaka kati ya J44 na J45. Neno pumu ni ndugu wa pumua na pumzi, na katika usemi wa watu hutumika kwa kila hali ya kuhema kwa shida. Mganga aliye makini hutaka zaidi: pumu huja na kuondoka, na aghalabu huanza utotoni, ule mwingine huingia polepole ukubwani, wala haurudi nyuma. Chukua mathalani mwanamke wa Bunda apikaye kwa kuni miaka 30 katika jiko lisilo na dirisha, au akaushaye samaki kwa moshi pwani ya ziwa. Akisema "pumu", na neno lake likachukuliwa lilivyo, ataandikwa J45. Atapewa dawa ya kupanua njia za hewa, nayo itamsaidia kidogo. Lakini hapana atakayemwuliza habari za moshi.

Kipimo cha kuyatenganisha kipo. Mgonjwa hujaza kifua pumzi, kisha huipuliza yote kwa nguvu ndani ya chombo. Ikiwa itokayo katika sekunde ya kwanza ni pungufu ya sehemu 70 katika 100 za pumzi yote, na ikabaki hivyo hata baada ya kuvuta dawa, hiyo ni dalili ya J44. Pasipo na chombo, ushahidi uliobaki ni uchunguzi wa mganga na maneno ya mgonjwa. Kwa hiyo swali la istilahi si pambo la wanalugha.

Jina linaloelekea kuenea ni "ugonjwa sugu wa mapafu", nalo lina kasoro. Sugu kwa asili ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, kama ile ya kiganja cha mwenye jembe, na kutoka hapo likapata maana ya kitu kisichokwisha. Lakini katika hospitali za Tanzania neno hilo lina kazi nyingine: kifua kikuu sugu ni kile kisichosikia dawa. Aambiwaye ana "ugonjwa sugu wa kifua" aweza kudhani ana kifua kikuu hicho, na jirani zake wakamwepuka. Katika wilaya ya Butiama, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Buhemba huvuta vumbi la mawe, kosa hili ni zito zaidi, maana vumbi hilo huleta ugonjwa wake wenyewe, J62, tena humfanya mtu apatwe upesi na kifua kikuu. Aliyepona kifua kikuu akabaki na mapafu yenye makovu ana namba yake pia, B90.9. Watu wanne, namba nne, na wote wamesema "kifua".

"Kuziba" nako kwapita kiasi, kwa kuwa njia ya hewa haikufungwa, imepungua. Wagonjwa wenyewe wamekwisha kulitoa neno lililo bora: kubana. "Ugonjwa wa kudumu wa kubanwa njia za hewa" ni jina refu, lakini halichanganyiki na usugu wa dawa, wala halimezwi na pumu. Mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 hivi duniani kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani. Wa Mara walioandikwa chini ya pumu huenda hawamo katika fungu hilo.