Igizo limekwisha na watu wamecheka. Je, lilikuwa zuri?

Siku moja ya gulio hapa Kasanda tulikwenda kurekodi igizo la kikundi cha vijana kuhusu mimba za utotoni. Watu walijaa, watoto wakapanda juu ya miti. Aliyeigiza binti mjamzito alijifunga nguo tumboni, akatembea kama bata, na uwanja mzima ukacheka. Jioni tukatangaza hewani kwamba igizo lilifana sana.

Siku chache baadaye mama mmoja, msikilizaji wetu, akapiga simu studio. Alitaka kujua jambo moja tu: yule mwanaume aliyempa binti mimba alionekana wapi katika igizo lile? Tukaisikiliza tena rekodi yetu. Mwanaume alisikika mara moja, akasema maneno machache, akaondoka na hakurudi tena. Muda wote uliobaki watu walikuwa wakimcheka binti. Igizo lililokusudia kuwalinda wasichana lilimfanya msichana kuwa kichekesho.

Mama yule alifanya kazi ya mhakiki, tena aliifanya vizuri kuliko sisi. Leo tunaeleza kazi hiyo ni ipi na namna wewe mwenyewe unavyoweza kuifanya.

Mhakiki ni nani?

Mhakiki wa maigizo ni mtu anayetazama mchezo wa jukwaani, kisha anaeleza, kwa maandishi au kwa sauti, ulivyokuwa, kipi kilifaulu, kipi kilipwaya, na kwa nini. Kazi yake si kusifu tu, wala si kukashifu. Akisema mwigizaji fulani hakufanya vizuri, lazima aonyeshe ni wapi: labda sauti yake haikuwafikia waliokaa nyuma, au aliwapa watu mgongo wakati wa maneno muhimu.

Kazi hii ina umuhimu kwa sababu igizo la jukwaani huisha siku ileile. Chukua mfano wa Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, inayohusu vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Kitabu kipo, unaweza kukifungua leo na kesho. Lakini kila kikundi kinapoicheza huwa ni kazi mpya. Mhakiki ndiye anayetuambia kama siku ile watu walimwona kweli Kinjeketile aliyepandwa na pepo, au walimwona kijana anayejitikisa tu. Asipokuwepo wa kusema, kikundi hurudia makosa yaleyale kijiji hadi kijiji.

Wanakijiji wamefanya kazi hii zamani

Usidhani uhakiki ni wa wasomi wa mjini. Mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Kwanza waliwauliza watu matatizo yao. Kisha vijana wa palepale wakashiriki kutengeneza maonyesho, na mojawapo ya mambo yaliyojitokeza ni mimba za wasichana. Onyesho lilipokwisha watu hawakutawanyika, walikaa wakajadili walichokiona. Mjadala ulikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walitunga tamthiliya kwa lugha ya Kikuyu. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani walikuwa wakisimama na kusahihisha: mzee hazungumzi hivyo, kazi ya kiwandani haifanywi hivyo. Mchezo ulipoonyeshwa watu walifurika. Serikali iliupiga marufuku Novemba mwaka huohuo, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka. Hapo unaona maigizo si jambo la kupitisha muda tu.

Utazame nini?

1. Kisa. Je, kinaeleweka tangu mwanzo hadi mwisho? Nani amepewa nafasi kubwa, na nani ameachwa?

2. Waigizaji. Je, sauti na mwendo wao vinafanana na mtu wanayemwigiza?

3. Mavazi na vifaa. Wataalamu huyaita mavazi ya waigizaji maleba. Je, yanasaidia kisa au yanachekesha tu?

4. Ukweli. Kama igizo linaonyesha mwanaume aliyempa mwanafunzi mimba analipa mbuzi na mambo yanaisha, mhakiki aseme kwamba si sahihi. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, adhabu ya kosa hilo ni kifungo cha miaka 30.

5. Hadhira. Watu walicheka wapi, walinyamaza wapi? Na walikuwa wakimcheka nani?

Jambo hili la mwisho ndilo lililotupita sisi. Kicheko si kibaya, kwani huwavuta watu na kuwafanya wakae. Lakini hakitoshi kuwa kipimo.

Useme vipi?

Anza kwa kueleza ulichokiona, kabla ya kutoa hukumu. Taja kilichofaulu, kisha kilichopwaya, na utoe mfano kwa kila kimoja. Sema kuhusu kazi, usiseme kuhusu sura ya mtu wala ukoo wake. Tena seme mapema, wakati kikundi bado kinaweza kurekebisha.

Sisi tulirudi kwa vijana wale na kuwasikilizisha rekodi. Mwongozaji wao hakufurahi, akasema watu walipenda. Tukakiri kwamba hata sisi tulipenda, na ndiyo maana hatukuona. Wakakubali kuongeza sehemu ambayo mwanaume anaitwa mbele ya wazee na kuulizwa maswali. Watakapoionyesha tutakuwepo, na mama yule tumemwalika akae mbele.

Nawe msikilizaji, igizo likija kijijini kwenu, chukua simu yako ukajirekodi kwa dakika 2, kisha ututumie sauti hiyo. Usituambie tu kwamba lilifana. Tuambie ulichokiona.